Huli gluteni? Ya kuchunguza ni bia kuliko pombe kali

Kwa asiyekula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinywaji cha kuogopa ni bia. Nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na gluteni hubaki humo humo. Wiski na vodka, hata zilizotokana na ngano, hazina neno: zinapokenekwa, mvuke hupanda na protini hubaki chini. Ila zikitiwa ladha baadaye, soma lebo. Divai ya zabibu kwa kawaida ni salama. Bia ya mtama nayo ni sawa, mradi haikuchanganywa na shayiri. Zile za shayiri zinazodaiwa “kuondolewa gluteni” kwa kimeng'enya kinachoikatakata, mwenye ugonjwa wa siliaki (ambaye gluteni humdhuru utumbo) nisingemshauri aziguse. Vipimo hushindwa kunasa vizuri vipande vya protini vilivyokwisha kukatwakatwa.