Kubadilisha ekseli ya nyuma ya Hilux kwa ekseli iliyotumika

Mwongozo huu unahusu pikapu ya Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne, ile ya miaka ya 1990 yenye springi za pasta (mabamba ya chuma yaliyopangwa juu ya mengine) nyuma, kwa kuwa ndiyo ninayoifungua mara nyingi zaidi katika gereji yangu. Ekseli yake hufa ama kwa sababu mafuta yamevuja hadi beringi ya pinioni, gia ndogo inayoleta nguvu, ikaungua, ama kwa sababu mzigo umezidi na meno ya krauni, gia kubwa inayozungushwa na pinioni, yakavunjika, ama kwa sababu nyumba ya ekseli, yaani ganda lake la chuma, imepinda katika ajali. Mtu anaweza kununua krauni na pinioni mpya, lakini kupanga meno hayo kunahitaji geji ya kupimia mchezo wake na shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za unene mbalimbali, na fundi asiye na vifaa hivyo huishia na difu, yaani mkusanyiko wa gia hizo katikati ya ekseli, inayolia. Ekseli nzima iliyotoka kwenye gari lililokatwa huja na meno yaliyokwisha kuzoeana, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, iwapo itachunguzwa kabla ya kulipiwa.

Hatua ya kwanza ni kujua uwiano wa difu uliyo nayo, yaani pinioni huzunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Kibati cha utambulisho kilicho ndani ya boneti kina namba ya ekseli, nayo huonyesha ukubwa wa krauni na uwiano wake. Kama kibati kimepotea, au unashuku kwamba ekseli ilikwisha kubadilishwa na mwenye gari wa awali, hesabu meno: krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.1, meno 43 kwa 10 ni 4.3, na meno 39 kwa 8 ni karibu 4.88. Ekseli iliyolala chini kwa muuzaji hupimwa bila kufunguliwa: mwenzako azuie upande mmoja usizunguke, wewe zungusha upande wa pili mizunguko miwili kamili, na uhesabu flenji ya propela, yaani sahani ya pinioni inapofungwa shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye gia, imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na kidogo tu, ni 4.1, ikikaribia mara tano, ni 4.88.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kufunga ekseli ya 4.3 kwenye gari ambalo difu yake ya mbele ilikuwa 4.1. Kwa gia ya kawaida gari lilikwenda vizuri, lakini mteja alipoingiza magurudumu manne kwenye barabara ngumu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakawa yanashindana, na transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikaharibika. Gharama ya kuitengeneza niliilipa mimi, na ilikuwa haki niilipe.

Hatua ya pili hufanyika kwa muuzaji, iwe ni Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwingineko, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Fungua nati ya kumwagia mafuta na utazame sumaku yake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini chenga unazozisikia kati ya vidole zimetoka kwenye jino au beringi, na hapo mazungumzo ya bei yaishie. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa yameingia maji. Ekseli isiyo na mafuta kabisa nayo usiichukue kwa maneno matupu. Omba difu itolewe uyaone meno, na ukikuta rangi ya bluu ya kuungua, iache.

Kisha pima kama nyumba imenyooka. Funga rimu mbili zinazofanana kwenye pande zote mbili, upime umbali kati ya kingo zake upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo kilekile. Zungusha rimu nusu mzunguko na upime tena, usije ukailaumu ekseli kwa kosa la rimu. Mimi hukataa tofauti inayozidi milimita 3. Hakikisha pia kwamba ina bolti sita za gurudumu, kwa kuwa ekseli za Hilux za kuvuta nyuma pekee mara nyingi huwa na tano, kwamba vikalio vya springi vina nafasi sawa na ya zamani, na kwamba kishikio cha fimbo ya vali ya breki inayofuata uzito wa mzigo hakijakatwa. Dai risiti.

Ukifika gereji, badilisha sili za mafuta za pande zote mbili kabla ya kufunga chochote, maana ni za bei ndogo na mafuta yakivuja huingia kwenye lainingi za breki. Sili ya pinioni isiyovuja usiiguse, kwa sababu nati yake ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi za pinioni.

Kufungua ekseli ya zamani si kazi ngumu. Zuia magurudumu ya mbele, inua gari, na uweke stendi chini ya chasisi, kamwe si jeki peke yake. Tia alama kwenye flenji na propela kabla ya kuvitenganisha. Ondoa paipu ya mpira ya breki na uzibe mdomo wake, kisha kebo za handibreki, fimbo ya vali, mpira wa kipumulio na shokapu upande wa chini. Shikilia ekseli kwa jeki, fungua yubolti nne, zile bolti za umbo la U zinazoifunga kwenye springi, na uishushe.

Wakati wa kufunga, kichwa cha senta bolti ya kila springi lazima kikae ndani ya tundu lake kwenye kikalio. Kikikaa pembeni, gari litakwenda upande. Tumia yubolti mpya, kaza nati kwa kupokezana pembe kwa pembe, na ukazo wa mwisho ufanywe gari likiwa limekanyaga chini. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto: vipimo vifanane. Hakikisha nati ya kujazia imefunguka kabla ya kumwaga mafuta ya zamani, halafu jaza mafuta ya difu ya daraja la GL-5 hadi yaanze kutiririka kwenye tundu hilo. Toa upepo kwenye breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, wala usiisahau ile vali inayofuata uzito wa mzigo.

Endesha kilomita 10 hadi 15 bila mzigo, usimame, na uguse kwa tahadhari nyumba ya difu na ncha zote mbili za ekseli. Upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine, chunguza beringi au breki ya upande huo. Mlio mwembamba unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta unatoka kwenye meno, na ngurumo isiyobadilika inatoka kwenye beringi. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 100, na baada ya kilomita 1,000 mwaga mafuta, tazama sumaku, ujaze mapya.