Jinsi ya kujua umri wa msumeno wa zamani kwa kusoma alama zake

Muuzaji wa vyombo vilivyotumika kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, akikuambia "Papa fundi, huu ni wa 1760, soma mwenyewe," maandishi hayo yapo kweli. Tatizo ni kwamba 1760 ni mwaka ambao Spear & Jackson wa Sheffield wanauhesabu kuwa mwanzo wa kazi yao, na wameendelea kuuandika hadi kwenye misumeno ya juzijuzi. Mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda hausemi lolote juu ya msumeno ulioushika. Uweke pembeni, utafute ushahidi mwingine.

Hatua ya 1: Soma bapa kabla ya kulisafisha

Andaa tochi, mafuta ya mashine, kitambaa, msasa laini (namba 400 unafaa) na kipande kidogo cha ubao kilichonyooka. Brashi ya waya na mashine ya kusaga zibaki kabatini. Jina la kiwanda mara nyingi limechorwa kwa asidi, na mchoro huo hauna kina. Ukipitisha mashine mara moja, umeufuta milele.

Laza tochi karibu na bapa ili mwanga upite juujuu. Tazama katikati, upande uleule wenye medali (nati kubwa yenye maandishi) kwenye mpini. Ukiona kivuli cha herufi, piga picha kwanza. Kisha zungushia msasa kwenye ubao, tia mafuta, usugue taratibu kwa kufuata urefu wa bapa, bila kukandamiza. Chuma cha juu kitaanza kung'aa, lakini weusi utabaki ndani ya herufi kwa sababu ziko chini kidogo. Herufi zikisomeka, acha hapohapo. Mafundi wengi huharibu hapa kwa kutaka bapa liwe kama kioo.

Kama jina halikuchorwa bali limegongwa kwa muhuri hadi likaacha shimo, hasa karibu na mpini, huenda unao msumeno wa Kiingereza wa zamani zaidi. Taji lenye herufi VR ni la enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. WR ni la Mfalme William IV, 1830 hadi 1837. Mji wetu ulianza 1910, kwa hiyo msumeno wenye VR huenda ulifika hapa ukiwa umeshatumika kwingine. Maneno "Cast Steel", au "Acier fondu" kwa Kifaransa, yanataja aina ya chuma tu. Chuma hicho kilianza Sheffield kwa Benjamin Huntsman miaka ya 1740 na kikatumika muda mrefu mno, kwa hiyo hakikupi tarehe ya karibu.

Hatua ya 2: Medali

Kati ya nati za mpini, ile kubwa yenye maandishi ndiyo medali. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, usiisugue kwa msasa.

Kwa Disston wa Philadelphia, Marekani, medali ni karibu kama kalenda. Henry Disston alianza 1840. Mwanawe alipoingia katika biashara, 1865, medali ikasomeka "& Son". Kuanzia 1871 ikawa "& Sons". Tazama hiyo S ya mwisho kwa makini, maana imejificha kwenye ukingo uliolika na inabadilisha tarehe ya msumeno. Karibu na 1917 "& Sons" ikaondoka, yakabaki Disston, Philadelphia na U.S.A. Kampuni iliuzwa kwa H.K. Porter mwaka 1955.

Medali yenye tai na maneno "Warranted Superior" haitaji kiwanda chochote. Viwanda vingi viliitumia, mara nyingi kwa misumeno iliyouzwa kwa jina la duka. Asikuuzie mtu tai kwa bei ya Disston.

Hatua ya 3: Nati

Nati bapa iliyolala sawasawa na mbao, yenye mfereji unaoipasua katikati, ni ya mtindo wa zamani. Wamarekani waliiacha kuanzia miaka ya 1870. Waingereza wakaendelea nayo zaidi. Usiifungue kwa bisibisi ya kawaida, shaba yake hukatika.

Hatua ya 4: Picha

Simba ni Peugeot wa Ufaransa, haohao wa magari. Walianza chuma na misumeno 1810, na simba akasajiliwa 1858. Samaki na ndoana ni Sandvik wa Uswidi, walioanza misumeno 1886. Ukikuta samaki huyo pamoja na jina Bahco, msumeno ni wa miaka ya 1990 au baadaye, kwani Sandvik waliinunua Bahco 1991.

Hatua ya 5: Alama ya mwenye mali

Hii ndiyo ninayoipenda, na vitabu vya Ulaya havitakufundisha. Geuza mpini utafute herufi zilizochomwa au kugongwa na mtumiaji. UMHK ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906 na kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967. BCK ilikuwa kampuni ya reli. Herufi hizo hazisemi nani aliutengeneza, bali zinakupa ukomo: msumeno wenye UMHK ulikuwa kazini kabla ya 1967. Usishangae kuzikuta kwenye chuma cha Sheffield. Reli iliyofika hapa 1910 ilitoka kusini, kwenye makoloni ya Waingereza.

Hatua ya 6: Linganisha, uandike

Bapa na mpini vikipingana, angalia kama matundu ya nati yanalingana na kama mbao imeacha kivuli cha mpini mwingine kwenye chuma. Mipini hubadilishwa sana. Ya mbao za mti wa mukula ni kazi ya mafundi wa kwetu. Hapo tarehe ya bapa iandike peke yake.

Andika muda, usiandike mwaka mmoja. Mfano: "Disston, medali ya & Sons, nati zisizopasuliwa, UMHK kwenye mpini: umetengenezwa kati ya miaka ya 1870 na 1917 hivi, umetumika Katanga kabla ya 1967." Bandika karatasi hiyo kwenye mpini kwa uzi, paka bapa mafuta, utundike.