Jinsi ya Kuomba Leseni ya Mkusanyaji wa Bunduki za Kale Nchini Marekani

Mkaazi wa Marekani anayependa kukusanya bunduki za kale za kuwindia, hasa zile za viwanda vya Winchester na Marlin ambazo hukokiwa kwa wenzo ulio chini ya kiwiliwili cha bunduki na ambazo ubavuni zimechongwa nakshi za majani, kulungu na dubu, anaweza kuomba leseni ya mkusanyaji. Leseni hiyo, inayofahamika kama Aina ya 03, hutolewa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Ada yake ni dola 30, nayo hudumu miaka 3.

Kabla ya kushika fomu, mwombaji ajue kwanza mwaka ambao bunduki anayoitaka ilitengenezwa. Kwa mujibu wa sheria ya udhibiti wa silaha ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kisheria kuwa ya kale, na kuinunua hakuhitaji leseni ya serikali kuu, ingawa sheria za jimbo huenda zikawa kali zaidi. Iliyotengenezwa baadaye, ikiwa imetimiza miaka 50 na haijabadilishwa umbo lake la asili, huingia katika kundi la silaha za kumbukumbu, na hilo ndilo kundi ambalo leseni hii inalihusu. Jina la toleo lisimdanganye mtu: Winchester ya toleo la 1886 iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1930. Vivyo hivyo, Winchester ya toleo la 1895 inayotumia risasi za .405 (kipimo cha unene kwa inchi), aina ambayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, haiwezi kuwa ya kale kisheria ikiwa ilitoka kiwandani hivyo, kwa sababu risasi hizo zilianza kutolewa mwaka 1904.

Rekodi nyingi za viwanda vya Winchester na Marlin, ingawa si za namba zote za bunduki, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya silaha lililoko Cody, Wyoming. Kwa malipo, jumba hilo huandika barua inayoeleza bunduki yenye namba fulani ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Kwa maoni yangu, barua hiyo inastahili gharama yake kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa bunduki nyingi za kawaida zilichongwa nakshi miaka mingi baadaye ili zipande bei, na jicho la mnunuzi mgeni haliwezi kutofautisha kazi hiyo na ile ya mafundi wa ukoo wa Ulrich, waliochonga kwa ajili ya Winchester.

Baada ya hapo mwombaji, ambaye lazima awe ametimiza miaka 21 na asiwe miongoni mwa watu waliokatazwa na sheria kumiliki silaha, ajaze Fomu 7CR, inayopatikana katika tovuti ya ATF. Maswali kuhusu makosa ya jinai, dawa za kulevya na uraia yajibiwe kwa ukweli mtupu, kwa maana kusema uongo humo ni kosa la jinai. Fomu ikishatiwa saini, nakala yake ipelekwe kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo analoishi mwombaji. Hiyo ni taarifa tu, si ombi la kibali. Fomu yenyewe, pamoja na malipo, itumwe kwa anwani iliyochapishwa juu yake. Sheria inaipa idara siku 60 za kutoa uamuzi tangu kupokea ombi lililokamilika.

Leseni ikishapatikana, mwenye nayo anaweza kumtumia muuzaji wa jimbo jingine nakala iliyotiwa saini na kuletewa bunduki ya kumbukumbu moja kwa moja nyumbani, ikiwa sheria za jimbo lake zinaruhusu. Hata hivyo, leseni hiyo haimruhusu kufanya biashara ya kununua na kuuza. Tena ni lazima atunze daftari: kila bunduki ya kumbukumbu anayoipata iandikwe kabla ya siku ya kazi inayofuata kumalizika, na kila anayoitoa iandikwe ndani ya siku 7, pamoja na jina na anwani ya aliyeichukua. Maofisa wa ATF wanaweza kulikagua daftari hilo mara moja kwa mwaka, na mkusanyaji ana haki ya kuomba ukaguzi ufanyike katika ofisi yao badala ya nyumbani kwake.