Kabla Hujamkatia Kijana Wako Bima ya Gari

Kijana amefaulu mtihani wa udereva, leseni kaipokea jana, leo anataka funguo. Asubiri. Bima itangulie, funguo zifuate. Na ukianza kuulizia bei jiandae kushtuka, kwa sababu dereva mpya hutozwa ada kubwa kuliko unayotozwa wewe mwenye miaka mingi barabarani. Kampuni za bima hazimwonei. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na miezi ya mwanzo baada ya kupata leseni ndiyo mibaya zaidi. Ada hiyo inaweza kushuka. Ishushe kwa njia ambayo haitakugeuka siku ya ajali.

Leseni kwanza. Iwe hai, na daraja lake lilingane na gari atakaloendesha. Mwenye leseni ya kujifunzia haruhusiwi kuwa peke yake kwenye gari, na bima inaweza kukataa kulipa kwa kosa hilo.

Bei ya bima iulizwe kabla ya kununua gari. Wengi hufanya kinyume: wananunua, kisha wanagundua kwamba ada ya mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe. Injini ndogo, vipuri vinavyopatikana kirahisi na gari lisilowavutia wezi, hayo matatu yanashusha ada. Injini kubwa, rimu za mapambo, springi zilizokatwa ili gari lilale chini, hayo yanaipandisha. Badiliko lolote alilofanya fundi liandikwe kwenye fomu. Lisipoandikwa, mkadiriaji wa hasara, yule anayetumwa na kampuni kukagua gari baada ya ajali, atalikuta mwenyewe.

Ukishajua gari, amua kama kijana atakuwa na bima yake au ataingizwa kwenye ya kwako. Mara nyingi kuandikwa kama dereva wa ziada kwenye bima ya mzazi ni nafuu. Lakini ajali yake itahesabiwa kwenye bima yako, na punguzo ulilolijenga kwa miaka ya kutodai chochote linaweza kuondoka kwa mkwaruzo mmoja wa maegesho. Uliza kama kampuni inauza kinga ya punguzo hilo, na inagharimu kiasi gani.

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Mzazi anaona ada ya kijana haishikiki. Mtu fulani, pengine hata wakala anayetaka kamisheni yake, anamnong'oneza: andika jina lako kama dereva mkuu, kijana tumuweke wa ziada, nani atajua? Ada inashuka, kila mtu anafurahi. Kumbe gari linalala kwa kijana, linakwenda naye chuoni kila siku, na mzazi hajaligusa tangu linunuliwe. Miezi inapita salama. Kisha siku ya mvua kijana anafunga breki akiwa amechelewa, anaigonga gari ya mbele, na abiria wa gari hiyo anavunjika mkono.

Kampuni haimtumi mkadiriaji aangalie bampa tu. Anasoma maelezo aliyoandikisha kijana polisi: natoka wapi, naenda wapi, gari ni la nani, naendesha mara ngapi. Anatazama saa ya ajali, anapoishi kijana na linapolala gari. Anauliza gereji ni nani huleta gari kwa sevisi. Kijana, kwa hofu na kwa ukweli wake, anasema "gari langu." Neno hilo moja linatosha kufungua faili upya.

Kinachofuata kinategemea sheria za mahali, ila sura yake haibadiliki sana. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu: kampuni inakadiria hatari kwa kile ulichoiambia. Ukiwa umeficha jambo ambalo lingebadilisha ada, inaweza kukataa kutengeneza gari lako, au kulipa sehemu tu inayolingana na ada uliyolipa, au kuufuta mkataba. Aliyevunjika mkono anaweza kulipwa, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zinamlinda mtu wa tatu, lakini kampuni inaweza kukugeukia wewe kudai irudishiwe ilicholipa. Tena fomu za kampuni nyingine huuliza: umewahi kufutiwa bima? Jibu litakuwa ndiyo, na kijana ambaye mlitaka kumwokolea fedha ataanza maisha ya udereva na doa linalompandishia ada kwa miaka. Kwa hiyo anayeendesha gari zaidi ndiye dereva mkuu, aandikwe hivyo hata kama inauma. Na hali ikibadilika katikati ya mwaka, kijana akahamia chuo cha mbali na gari, iarifu kampuni kwa maandishi siku hizo hizo, upewe nyongeza ya mkataba iliyoandikwa.

Sasa njia halali za kupunguza. Ya kwanza ni kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara wewe mwenyewe kila mnapodai, ada hushuka. Lakini soma vizuri, kwani madereva vijana, wengi wao chini ya miaka 25, hukatwa kiasi cha ziada juu ya kile cha kawaida, na vyote viwili hujumlishwa. Kama jumla hiyo hamwezi kuitoa ndani ya wiki moja, mmejikatia bima msiyoweza kuitumia.

Ya pili ni kifaa cha kupima mwendo, au programu ya simu inayofanya kazi hiyo. Kinarekodi kasi, breki za ghafla, kona kali na saa za usiku, na anayeendesha vizuri hupunguziwa. Anayeendesha vibaya anaweza kupandishiwa, kwa hiyo kijana akubali kwa moyo wake kabla hakijafungwa. Uliza pia kama kampuni inatambua cheti cha mafunzo ya ziada ya udereva. Zipo zinazotambua, na zipo zisizojali kabisa. Usilipie kozi kabla ya kuuliza.

Bima ndogo ya mtu wa tatu au bima kubwa? Omba bei ya zote mbili. Ndogo inalipa tu uliyemuumiza na mali yake, gari lako ni juu yako; kubwa inalipa na gari lako pia. Kwa gari kuukuu inaweza kutosha. Lakini usidhani lazima iwe nafuu sana, kwani kwa vijana tofauti huwa ndogo mara nyingine, hata kugeuka.

Thamani ya gari usiishushe ili ada ipungue. Gari la milioni 10 ukiliandikisha kwa milioni 6, umekatia bima asilimia 60 tu. Panapokuwa na kifungu cha uwiano, yaani kampuni inalipa asilimia ile ile uliyokatia, hasara ya milioni 2 inalipwa milioni 1.2, na bado makato yako, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, hayajaondolewa.

Kulipa kwa mwaka mzima huwa nafuu kuliko kwa awamu, maana awamu hubeba riba. Ukilipa kwa awamu, awamu moja ikipita bila kulipwa mkataba unaweza kusimama bila kijana kujua.

Matumizi yaandikwe kama yalivyo. Kijana akianza kubeba abiria wa kulipa au kupeleka vifurushi jioni, bima ya gari binafsi haimkingi tena. Wala marafiki hawaendeshi kama mkataba unataja madereva kwa majina.

Mwisho, hati ya bima ihakikiwe moja kwa moja na kampuni, si kwa maneno ya wakala: namba ya gari, namba ya chasi, jina la kijana na herufi zake, tarehe ya kuanza na saa. Nakala ikae kwenye gari na nyingine kwenye simu yake, pamoja na namba ya dharura ya kampuni. Anza kukusanya bei mpya wiki tatu au nne kabla bima haijaisha, toka kampuni tatu angalau, kwa maelezo yale yale kila mahali. Na siku bima inapoisha, kama mpya haijatoka, gari lisitoke getini.