Kabla hujanunua fimbo ya pool iliyotengenezwa kwa mkono

Jina la fundi peke yake lisikutoe pesa. George Balabushka, fundi wa New York aliyefariki 1975, ndiye anayetafutwa zaidi, lakini jina lake lilikuja kuwekwa pia kwenye fimbo za kiwandani.

Anza na zile ncha za mbao zinazopanda kutoka kwenye mpini. Zilizochongewa mfereji wa V huishia kali kama sindano. Zilizopachikwa kwa mashine ya kompyuta mara nyingi huwa na kona za mviringo kidogo. Zungusha fimbo uone kama zote zinafika urefu mmoja.

Kisha ifungue. Viringisha mpini peke yake juu ya meza tambarare, halafu kipande cha mbele, ukiangalia mwanga unaopita chini. Kila kimoja kikiwa kimenyooka lakini vikiungwa vinayumba, kasoro iko kwenye nyuso za kiungo.

Kipande cha mbele cha asili mara nyingi huwa na pete inayofanana na ya mpini. Pima unene karibu na ncha ya kugongea mpira: nyingi za zamani zilikuwa takriban mm 13. Ukikuta mm 12, huenda msasa umepita sana, na mbao iliyoondoka hairudi.

Usiipake vanishi upya ili ing'ae. Mkusanyaji hulipia rangi ya asili hata ikiwa na mikwaruzo. Na kama ina pembe za ndovu, uliza sheria kwanza; kuivusha mpaka bila kibali kunaweza kukupotezea fimbo nzima.