Somo: Kupanga safari ya familia kwa gari katika Milima ya Rocky kwa kufuata mwinuko

Watu wengi wanapopanga safari ya gari huitazama ramani, huzipima kilomita na kuzigawa kwa mwendo. Katika Milima ya Rocky ya Marekani hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa kinachowachosha watoto, dereva na breki si umbali bali ni mwinuko. Barabara ya Trail Ridge, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain jimboni Colorado, ina urefu wa kilomita 77 tu, lakini hufika mita 3,713 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huingiza takriban theluthi mbili ya oksijeni ambayo mtu angeipata pwani. Somo hili linatoka kusini kwenda kaskazini: kutoka hifadhi hiyo hadi hifadhi za Grand Teton na Yellowstone jimboni Wyoming, kisha hifadhi ya Glacier jimboni Montana.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kufuata theluji. Trail Ridge kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba, ilhali barabara ya Going-to-the-Sun iliyoko Glacier mara nyingi haifunguki yote kabla ya mwisho wa Juni au Julai. Anayezitaka zote mbili asafiri kati ya katikati ya Julai na Septemba. Kanuni za kuingia hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo zisome katika tovuti rasmi ya kila hifadhi kabla ya kulipia malazi.

Hatua ya 2: Panda kwa vituo. Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na yangu ilikosea pia: tulitoka tambarare asubuhi, tukafika kileleni mchana, na binti yetu wa miaka sita akatapika njia nzima ya kurudi. Lala kwanza Denver, iliyo kwenye mita 1,609, kisha Estes Park, iliyo kwenye mita 2,293, usiku mmoja au miwili, ndipo upande Trail Ridge. Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba kichwa kinamuuma. Atakataa chakula, atalia bila sababu inayoonekana, au atalegea kuliko kawaida yake. Ukiona dalili hizo usisubiri kumaliza picha. Geuza gari ushuke, kwa sababu kushuka ndiyo tiba ya kwanza, na dalili zisipopungua mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 3: Jifunze kushuka kabla ya kupanda. Dereva anayekanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu huzipasha moto hadi mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na kanyagio likaenda chini bila gari kusimama. Weka gia ndogo mwanzoni mwa mteremko, hata kama gari ni la otomatiki, uiache injini izuie mwendo. Kisha kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kwa muda mfupi na uziachie zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali pa kutazamia mandhari na usubiri. Usimwagie maji magurudumu yenye joto kali.

Hatua ya 4: Uwe umeshuka chini ya mpaka wa miti, yaani mwinuko ambao juu yake miti haioti, kabla ya saa sita mchana. Wakati wa kiangazi mawingu hujikusanya alasiri na radi hupiga maeneo ya wazi. Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo makoti yakae ndani ya gari karibu na mikono, si chini ya mizigo.

Hatua ya 5: Fundisha umbali wa wanyama kabla ya kufika Yellowstone. Kanuni za hifadhi zinataka mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa-mwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine, wakiwemo baisani, yaani nyati wa Amerika, ambao huonekana wapole lakini hukimbia kwa kasi kuliko mtu yeyote. Kwenye chemchemi za maji moto mshike mtoto mkono wakati wote na msitoke kwenye vijia vya mbao, kwa maana ukoko wa ardhi pembeni ni mwembamba na maji yaliyo chini yake huunguza.

Hatua ya 6: Jaza mafuta kabla ya kuingia, na uhifadhi ramani kwenye simu, kwani mtandao hukatika sehemu nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, tunakodi gari la kulala lenye urefu wa mita 7.5. Tutapita Going-to-the-Sun?

Jibu: Hamtaruhusiwa kuivuka yote. Kati ya Avalanche na Rising Sun, gari lisizidi mita 6.4 kwa urefu wala mita 2.4 kwa upana. Liacheni kambini mkodi gari dogo kwa siku moja, au mwulizie ratiba ya mabasi ya hifadhi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 71 na ana shinikizo la damu. Nimwache nyumbani?

Jibu: Marahaba. Daktari wake ndiye wa kuamua, nawe umpelekee orodha ya vituo pamoja na mwinuko wa kila kimoja. Akikubaliwa, mimi ningeiacha Trail Ridge na kuzidisha siku Grand Teton, ambako mama ataketi bondeni, kwenye takriban mita 2,000, na kuutazama mlima wa mita 4,199 ukiinuka ghafla mbele yake bila vilima vya kuutangulia.

Swali: Barabara ya mzunguko ya Yellowstone ina kilomita 229. Siku moja haitoshi?

Jibu: Inatosha kuzunguka, haitoshi kuona. Mwendo wa juu ni takriban kilomita 72 kwa saa, na kundi la baisani likikaa barabarani mtasubiri mpaka liondoke lenyewe. Tengeni siku tatu, na siku ya kwenda Old Faithful, chemchemi inayorusha maji moto juu, ulizieni kwanza saa iliyotabiriwa ya kuruka kwa maji, kwa kuwa mkiikosa mtakaa takriban dakika 90 na watoto wenye njaa.