Kukodi Alfa Romeo ya kutumia kila siku ukiwa Mwanza: anza na njia ya getini kwenu

Kabla hujampigia mtu simu kuuliza bei, tafuta futi na kipande cha mbao. Watu wanaoniona pale Kirumba na Alfa Romeo ninayokodi, Giulia Quadrifoglio, huniuliza nalipa ngapi kwa mwezi, na mimi huwauliza wanakaa wapi. Mtu wa Capri Point ambaye lami imemfuata mpaka mlangoni ana hesabu yake. Sisi wa Bwiru juu, tunaopita katikati ya mawe kabla ya kuiona barabara kubwa, tuna hesabu nyingine kabisa.

Fanya hivi. Nenda lilipo gari unalolitaka, piga magoti, pima kutoka chini hadi sehemu iliyoshuka kuliko zote kwenye mdomo wa mbele. Quadrifoglio ina ulimi wa kaboni pale mbele, unaojisogeza wenyewe gari likiwa kwenye mwendo, na ukivunjika si kitu cha kumpelekea fundi akifunge kwa waya. Rudi nyumbani, chukua mbao, ifunge chini ya bampa ya gari unaloendesha sasa, iwe IST au Noah, kwa kimo kilekile ulichopima. Kisha ishi nayo wiki nzima. Nenda kazini, nenda sokoni, nenda kwenye ibada, na ukipata msiba nenda nayo hukohuko, kwa sababu misiba ndiyo inayotupeleka kwenye njia ambazo hatukuzipanga. Kila itakapokwaruza, shuka uangalie ni nini: tuta, mtaro, au jiwe lililozaliwa pale kabla ya babu yako.

Yangu iligusa kwenye mteremko wa geti langu na kwenye tuta moja la mtaani lililojengwa na wananchi wenyewe kwa hasira. Geti nilimwaga zege. Tuta nalipanda kwa mshazari, tairi moja kwanza, na bodaboda wa nyuma wameshanizoea. Mbao yako ikigusa kila mahali, usikate tamaa, badilisha gari: Stelvio Quadrifoglio ina injini ileile ya V6 ya lita 2.9 yenye turbo mbili na nguvu farasi 510, lakini imekaa juu na inasukuma tairi zote nne. Kwa Mwanza, mwenye akili timamu achukue Stelvio. Mimi nilichukua Giulia kwa sababu naipenda, na sitajitetea.

Angalia na usukani. Wajapani wenye hela zao walipenda sana magari ya Ulaya yenye usukani wa kushoto, kwa hiyo gari kutoka Japani halimaanishi moja kwa moja usukani uko kulia. Hutaki kulipita lori la pamba kule Magu huku umekaa upande wa mtaro.

Sasa, unakodi kwa nani? Hapa Mwanza usitegemee kukuta duka lenye bango. Mlango wa kwanza ni kampuni za karadha, zenye leseni ya Benki Kuu chini ya sheria ya mwaka 2008. Kampuni inanunua gari, kadi inabaki na jina lake, wewe unalitumia na kulipa kila mwezi. Zimezoea matrekta, mashine na malori; ukitaja Alfa Romeo, tegemea kimya kirefu upande wa pili wa simu. Mlango wa pili ni kampuni zinazokodisha magari kwa migodi na miradi. Mlango wa tatu, ambao ndio nilioingilia mimi, ni watu wa Dar es Salaam wanaokodisha magari ya kifahari kwa harusi. Gari la harusi linafanya kazi Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine limefunikwa turubai huku bima inakimbia. Mwenye gari wa namna hiyo anasikiliza hoja ya mteja mmoja mwenye mkataba wa miaka. Mpigie wakati wa Kwaresima au mwezi wa Ramadhani, harusi zikiwa zimepungua. Bei utakayotajiwa si ile ya Desemba.

Ukishampata, usianze kubishana juu ya kodi ya mwezi. Uliza kwanza: siku ya mwisho ya mkataba, gari linabaki kwa nani, na kwa thamani gani? Hapo ndipo pesa ilipo. Magari ya Kiitaliano ya mwendo hushuka bei haraka, haraka kuliko Toyota yoyote unayoijua, na lazima mtu mmoja aibebe hasara hiyo. Ukinunua, unaibeba wewe. Ukisaini mkataba unaokulazimisha kulichukua gari mwishoni, bado unaibeba wewe, ila kwa awamu. Ukisaini mkataba wa kulitumia na kulirudisha, anaibeba mwenye gari.

Chukulia gari lina thamani ya milioni 150 na mkataba ni wa miezi 36. Mwenye gari akisema mwishoni litakuwa na thamani ya milioni 60, wewe unalipia ule mshuko wa milioni 90, yaani milioni 2.5 kwa mwezi, kabla hajaweka faida yake na VAT. Akiandika kwamba litabaki na thamani ya milioni 90, unalipia milioni 60 tu, kama milioni 1.67 kwa mwezi. Tamu, siyo? Ni tamu kama unarudisha gari. Kama mkataba unakulazimisha kulinunua kwa hiyo milioni 90, basi utakuwa umeahidi kununua kwa bei ya juu kitu ambacho sokoni huenda hakuna atakayekilipia hata milioni 60. Kwa hiyo mtu akikushushia kodi ya mwezi ghafla baada ya kubisha kidogo, fungua ukurasa wa mwisho uone amepandisha nini.

Mimi wakili wangu aliandika mstari mmoja nilioupigania kuliko punguzo lolote: mwisho wa mkataba nina haki ya kulinunua, sina wajibu.

Yapo mengine ya kusoma kwa kidole. Kikomo cha kilomita: Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwenda tu, kwa hiyo safari chache za kikazi zinaweza kula kikomo cha mwaka. Kama matengenezo lazima yafanyike Dar, iandikwe nani analipa lori la kulibeba. Tairi ni za nani? Giulia Quadrifoglio inavaa 245/35 mbele na 285/30 nyuma, rimu za inchi 19, kwa hiyo huwezi kuzihamisha za mbele kwenda nyuma ziishe sawasawa. Za nyuma zitaisha kwanza, na dukani hapa mjini utaagiziwa. Na uchakavu wa kawaida uelezwe kwa maneno: alama za kokoto kwenye bampa ni za kawaida au ni deni? Kwa mtu wa Dar inaweza kuwa deni. Kwa mtu wa Usagara ni mambo ya kila siku.

Ukiwa na mazoea ya kwenda Kisumu kupitia Sirari, au Uganda kupitia Mutukula, mkataba uruhusu gari kuvuka mpaka, na upewe barua ya mwenye gari, kwa sababu kadi haina jina lako. Bima nayo iongezewe kadi ya njano, ile ya COMESA inayoifanya itambulike nchi jirani.

Bima yenyewe ni bima kubwa, hakuna mjadala. Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake, lakini kwa gari kama hili wakala anaweza kukuangalia usoni na kupandisha. Hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo uliyolipa. Halafu uliza swali ambalo mawakala hawalipendi: gari likiharibika kabisa, bima italipa thamani ya sokoni ya siku hiyo, je, deni langu kwa mwenye gari ni hilohilo au ni kubwa zaidi? Tofauti hiyo iandikwe ni ya nani. Nilimwambia wakala wangu, “Kijana, niambie gari limeingia ziwani pale Kigongo, nani anamdai nani?” Akacheka kwanza. Baadaye akaandika.

Fundi umtafute kabla ya gari kufika. Hapa Mwanza tuna mafundi wazuri, nasema hivyo bila kuwapaka mafuta. Mtu anayefufua Scania kando ya barabara Nyakato hashindwi kubadilisha pedi za breki za Brembo. Tatizo liko kwenye kompyuta. Magari ya kundi la Fiat Chrysler, Alfa Romeo ikiwemo, ya kuanzia 2018 hivi yamewekewa kizuizi cha usalama: mashine ya kawaida ya fundi inaweza kusoma kosa, lakini haiwezi kulifuta wala kuingia ndani bila kibali. Muulize fundi wako mashine yake inapita hapo au haipiti. Akijibu “Mama, gari ni gari tu,” mshukuru, mnunulie soda, endelea kutafuta.

Mwambie pia kwamba gari hili likizimika halivutwi kwa kamba. Ni otomatiki inayosukuma kwa nyuma. Linapakiwa juu ya lori. Weka kwenye simu namba ya mwenye lori la kubeba magari kabla hujaihitaji, kwa sababu usiku pale Sengerema watakuja vijana wenye nia njema na mnyororo. Na tairi la akiba hakuna. Haikusahaulika, ndivyo lilivyotengenezwa: unapewa dawa ya kuziba na pampu. Dawa haizibi mpasuko wa ubavuni. Mimi nikienda Geita nabeba tairi moja la nyuma kwenye buti, na mizigo ya wateja inakaa kiti cha nyuma. Nauza vifaa vya maabara, kwa hiyo maboksi yangu ni mepesi. Ukiwa unauza saruji soma habari nyingine.

Kuhusu Geita: miaka ya kivuko nisingethubutu. Ule mlango wa chuma pale Kigongo ungenyoa ulimi wa mbele asubuhi na jioni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, Giulia imekuwa gari la kazi kweli. Hapo ndipo utaona kishawishi kilipo. Gari linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.9, na vijijini kibao kinasema 50. Trafiki wenye tochi wanalijua gari jekundu tangu likiwa bado kilima cha pili. Giulia ina kidhibiti mwendo: ukiingia kwenye makazi kiweke 50 na usahau. Faini ya elfu thelathini si kitu ukilinganisha na kodi ya mwezi, lakini mwenye gari anaona orodha yake kwenye mfumo kwa namba ya gari, na kwenye mkataba wangu madeni ya faini ni sababu halali ya kulichukua.

Mjini, kitufe cha mzunguko pale katikati, cha kuchagua hali ya uendeshaji na si gia, kiache kwenye A, hali ya kubana mafuta. Injini inaweza kupumzisha silinda tatu ukiwa mwepesi wa mguu, na kwenye foleni ya barabara ya Kenyatta huna pa kukimbilia. N ni ya siku za kawaida. D, ya mwendo mkali, weka ukiwa peke yako na lami imekauka. Hali ya Race inazima ulinzi wa kuteleza. Mvua ya masika ikiwa imeteremsha mchanga kutoka mlimani hadi Kona ya Bwiru, usiiguse hata kwa utani. Mafuta nunua kituo kimoja chenye wateja wengi, soma kibandiko cha oktani ndani ya mfuniko wa tangi, na tunza risiti, kwani ikitokea ubishi wa injini watakuuliza.

Usiegeshe Mwaloni, pale soko la samaki, chini ya ndege korongo. Wale ndege wakubwa wanakula utumbo wa samaki siku nzima, na wanachoangusha kinakula rangi. Ukichelewa kuosha mpaka jua la saa nane, kitaacha alama, na alama ile itahesabiwa siku ya kurudisha.

Siku hiyo ipange mapema. Miezi mitatu kabla ya mwisho, angalia magari ya aina hiyo yanauzwaje, ulinganishe na ile bei iliyoandikwa ya kununua. Kama soko liko chini yake, rudisha bila huruma. Kama liko juu, lichukue, hata kama ni kuliuza wiki inayofuata. Ukirudisha, makabidhiano yafanyike mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka, fundi wako akiwepo pamoja na wa kwao. Pigeni picha kila upande, chini ya bampa, kila rimu, kilomita kwenye dashibodi. Wekeni sahihi palepale kwenye karatasi inayosema hakuna mdai wala mdaiwa, kisha omba kuona uthibitisho kwamba kifaa cha kufuatilia gari na bima vimetolewa kwenye namba yako ya simu. Funguo ya pili ipo kwenye droo ya jikoni. Ikabidhi pia.